Safu ya Maoni

Ufunguo wa boma la Kilimatinde anao Lechipya,
na Lechipya kaenda mnadani kuuza beberu.
Tukamngoja kizingitini, mimi na binti yangu Nyemo,
tukila karanga, tukihesabu nyufa
ambamo mijusi huingia bila kiingilio.

Alipofika, vumbi la mnada begani,
alifungua kwanza daftari, mlango baadaye.
Jina. Unakotoka. Tarehe. Maoni.
Mgeni wa mwisho alipita miaka minne nyuma,
mwandiko wa mshazari, lugha ya mbali,
maneno mawili na alama ya mshangao.

Nitasema kweli: ni nyumba kubwa.
Nilipenyeza mkono dirishani hadi kwapani
na vidole havikutokea nje.
Kuta zimenuna kama mtu aliyelipwa pungufu.
Kwenye meko ya bwana mkubwa kuku alikuwa ameatamia,
akatutazama kama karani atazamavyo foleni.

Lechipya huongoza ziara kwa kidole gumba:
"Hapa alilala. Hapa alikula. Hapa alihesabu kodi.
Hapa," akapita bila kusimama,
"hapa walifungwa."
Chumba hakina dirisha.
Nyemo akaingia, akapiga kofi moja, akasikiliza.
Sauti haikurudi.

Juu, upepo.
Bonde lote la Bahi limewambwa chini
kama ngozi ya ng'ombe iliyoachwa ikauke,
na treni ya mizigo, ndogo kama chawa,
inatambaa kwenye mshono.
"Walijua kuchagua," nikasema,
mara nikajionea haya,
maana nilikuwa nimesimama palepale pao,
mikono kiunoni, nikiangalia chini.

"Nani alikoroga udongo?" Nyemo akauliza.
Lechipya akafunua daftari kana kwamba limo.
"Safu hiyo haipo," akasema. "Labda kwenye maoni."
Niliandika jina, nikaandika Dodoma, nikaandika tarehe.
Kalamu ikasimama hapo.

Tukashukia Chikuyu, kwa shangazi Sechelela.

Tembe yake imebaki upande mmoja na nusu.
Paa la udongo limeota majani ya masika,
mbuzi wawili wako juu wanayala, hakuna anayewafukuza.
Mlangoni unainama. Kila mtu anainama,
hata mkuu wa wilaya aliwahi kuinama,
shangazi hupenda sana kulirudia hilo.
Ndani giza lina harufu ya moshi na maziwa ya mgando.
Kilindo cha gome kiko kona ileile,
na nguzo ileile yenye kovu la meno ya fisi,
au la shoka,
inategemea nani anasimulia.
Nilizaliwa hatua nne kutoka hapo.

Mabati yameshafika, ishirini na nane,
yameegemezwa nje, yanaumiza macho.
"Wiki ijayo wanabomoa," shangazi akasema, na alifurahi kweli.
"Mwaka huu mvua haitanidondokea kwenye ugali."
Mimi nalala chini ya mabati tangu darasa la tano.
Ningemwambia nini?
Aendelee kuvujiwa ili mimi nipate pa kutembelea?

Nyemo akaingiza mkono kwenye ufa wa ukuta,
akapima kama alivyoniona nikipima bomani.
Haukufika hata kiwikoni.
Kandiko la juu likabanduka, likammwagikia kifuani, jekundu,
na chini yake, kavu, safi,
alama ya vidole vitano:
vidogo, vimeburuzwa kushuka,
vya mtu aliyekandika kwa haraka,
pengine mtoto yuko mgongoni,
pengine wingu limeshasogea.

"Vya nani?"

Shangazi akasogeza kibatari.
Akaweka vidole vyake juu ya alama,
kimoja, kimoja.
Vyake vilizidi.
"Mama," akasema.
Akakaa kidogo.
"Au mama yake."

Kisha akapangusa mkono kwenye kanga
akatuuliza kama tumekula.